Chakula cha Bwana Harusi

Mume wangu alitoa sharti lake siku aliyoondoka na lori: akifa na huyu, tangi linatoka sebuleni. Hakulitoa kwa ukali. Mume wangu hana ukali. Ukali wa nyumba hii wote nimeuchukua mimi. Alisema huku akifunga kamba za viatu, kama mtu anayekukumbusha kununua sabuni, na mimi kwa kiburi changu nikamjibu, "Sawa. Ila hafi."

"Hata yule wa kwanza ulisema hafi."

"Yule nilidanganywa. Huyu namjua."

Akacheka, akanishika bega, akaenda zake. Safari zake huchukua wiki nyingi, kwa hiyo sikuwa na haraka. Niliamini nimejipanga.

Niwaambie kwanza huyo wa kufa na kupona ni nani. Ni samaki. Msinicheke bado. Ana urefu wa kidole changu cha kati, rangi yake ni buluu iliyokolea, na juu ya ile buluu amepitishiwa mistari ya machungwa na kijani inayopinda na kuzunguka kama tarizi ya mkono. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona magauni ya maharusi na suti za waume zao mpaka vidole vikaota sugu, na sijaona aliyevaa akapendeza namna ile. Ndiyo maana nikamwita Bwana Harusi. Hata maringo anayo. Haogelei kwa pupa kama wenzake. Anajivuta polepole juu ya mawe, anasimama, anatazama, anadonoa kitu ambacho wewe hukioni, kisha anajivuta tena. Siku nzima kazi yake ndiyo hiyo.

Na taabu yote iko hapo kwenye kudonoa. Samaki wangu wengine, wale wawili wa rangi ya machungwa wenye milia myeupe na mmoja wa njano aliyezaliwa na ugomvi, ukiwatupia chakula cha kopo wanakikimbilia kama wanafunzi waliosikia kengele ya mapumziko. Bwana Harusi hageuzi hata jicho. Yeye anakula vidudu hai tu, vidogo kama vumbi, vinavyotambaa kwenye mawe ya matumbawe. Vikiisha, ataendelea kuvitafuta kwa heshima zake zote mpaka afe njaa, na chakula cha kopo kinaelea juu ya kichwa chake.

Wa kwanza alikufa hivyo. Muuza samaki, ambaye wateja wake tunamwita Mapezi, aliniapia kwamba anakula kila kitu. Nilimtazama akikonda, tumbo likaingia ndani kama nguo iliyobanwa vibaya kiunoni, na nilipokuja kujua anachokula alikuwa ameshalala ubavu nyuma ya jiwe. Nililia. Mtu mzima nikamlilia samaki, na siombi radhi kwa yeyote.

Kwa hiyo kabla ya kumleta wa pili nilijifunza. Tangi langu si kubwa; alinigawia daktari wa meno niliyekuwa nikimshonea mapazia, siku alipofunga chumba chake cha wagonjwa na kuhama. Mawe ya tangi dogo hayawezi kumlisha samaki wa aina hii peke yake. Lazima umfugie chakula pembeni. Mapezi, labda kwa kuona haya, alinipa kichupa cha mbegu ya vile vidudu, akaniambia nikitunze kama mboni ya jicho kwa sababu aliyekuwa akimletea ameacha biashara. Nikapanga mitungi ya kioo dirishani kwenye chumba changu cha kushonea, nikaijaza maji niliyoyachanganya na chumvi ya bahari, nikatia maji ya kijani yenye mwani ambao vidudu hula, nikaimimina mbegu. Baada ya muda mitungi ikawa hai. Ukiuinua mmoja kwenye mwanga unaona vumbi linalorukaruka. Kila asubuhi nilichuja kidogo, nikavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikampelekea Bwana Harusi mlangoni pa pango lake. Akadonoa, akanenepa. Tumbo likawa la mviringo, na mimi nikawa natembea mjini kama niliyezaa mapacha.

Ndipo mama mkwe akaja.

Alikuja kwa ajili ya macho. Daktari alitaka kumpima zaidi ya mara moja, na nyumba yetu ndiyo iliyo karibu na hospitali. Mama ni mwembamba, mnyoofu, hana mkono usio na kazi. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajanywa maji anazunguka uani kupindua kila kinachoweza kutuama maji: ndoo, sahani ya chini ya chungu cha maua, kifuniko cha sufuria, kopo la rangi. Mbu ni adui yake binafsi. Siku ya kwanza tu alikuta ndoo yangu ya kudekia ina maji ya chini, akaimwaga huku akinitazama kama aliyenikuta naiba.

Mimi naye tunaheshimiana. Sisemi tunapendana, nasema tunaheshimiana. Kuna neno aliwahi kunitupia miaka ya nyuma. Alikuwa ameniletea vifaranga, vikafa vyote, akatikisa kichwa akasema, "Mkono wako si wa kufuga, mwanangu." Alisema juu ya vifaranga. Lakini mwezi uleule nilikuwa nimetoka hospitali mikono mitupu, mimba yangu ya pili imeharibika kama ya kwanza, na yeye alijua. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Sikulimeza wala sikulitema.

Kwa hiyo mama hakuuliza kuhusu mitungi ya dirishani, na mimi sikumweleza. Ningeanzia wapi? Nimwambie mtu aliyesema maneno yale kwamba nafuga vidudu ili vidudu vifuge samaki? Nikanyamaza. Kila mtu na kiburi chake.

Siku moja nilitoka kupeleka sare za wahudumu wa hoteli. Niliporudi, nyumba ilinukia sabuni. Sakafu inang'aa, vitambaa vyangu vimekunjwa kwa rangi, na jikoni, juu ya kichanja cha vyombo, mitungi yangu imepangwa mdomo chini, safi, inachuruzika maji.

Nilisimama pale mkoba ukiwa bado begani. 

"Mama," nikasema, "yale maji yako wapi?"

"Nimemwaga uani." Alikuwa anakausha mikono, uso umetulia kwa kazi njema. "Mwanangu, unakaaje na maji machafu namna ile ndani? Yamejaa viluwiluwi! Nimeviona kwa lenzi yangu ya kusomea, vinaruka. Mbu watupu. Mtakufa humu."

"Si viluwiluwi!" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ni chakula cha samaki wangu! Hamna kingine, mama, mji mzima hamna! Umemuua!"

"Nimemuua nani?"

"Bwana Harusi!"

Akanitazama kama aliyesikia nimechanganyikiwa. "Samaki," akasema taratibu. "Unanifokea mimi kwa ajili ya samaki."

"Ungeuliza! Mdomo unao, ungeuliza!"

"Niulize nini?" Sasa naye sauti ikapanda. "Maji yaliyotuama yanaulizwa? Kabla ya mumeo nilikuwa na mtoto mwingine. Wa kike. Alikuwa ameanza kuniita. Palikuwa na ndoo nyuma ya nyumba niliyoisahau mvua za kwanza, nikaikuta imejaa hivyohivyo, vinaruka hivyohivyo, na mtoto wangu alikuwa tayari na homa. Usiniambie niulize. Nikiona maji hayo namwaga. Kwangu, kwako, hata ikulu nitamwaga."

Miaka yote ile ya ndoa sikuwahi kusikia habari za mtoto huyo. Mume wangu hakuwahi kumtaja. Nikaingia chumbani kwangu nikafunga mlango. Siku zilizofuata tuliongea ya lazima tu: chai iko tayari, naenda hospitali, karibu, asante.

Lakini samaki hangojei watu wapatane. Nikajifunga kibwebwe. Nilitoa sifongo la kichujio cha tangi, nikalikamulia kwenye bakuli, nikainama na tochi mchana kweupe nikitafuta kidudu kimoja kimoja, nikavivuta kwa lile bomba. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hicho hakikujaza hata pembe ya tumbo lake. Nikaenda kwa Mapezi. Akakuna kichwa, akaniambia hana, na hajui nani anacho. Nikamwambia atafute. Nikarudi kesho yake nikamwambia atafute tena. Siku ya tatu aliponiona naingia alijificha nyuma ya matangi yake, akasahau kwamba ni ya kioo.

Nikanunua mayai ya samaki yaliyogandishwa, madogo kama mbegu za mtama, nikajaribu kumfundisha. Nilimtenga kwenye kikapu cha wavu ndani ya tangi ili yule mgomvi wa njano asimnyang'anye. Nilipuliza yai moja kwa bomba mbele ya mdomo wake, likatua. Akalitazama. Akalitia mdomoni! Mimi nikashika pumzi. Akalitema, kama mtoto aliyepewa dawa, akageukia upande wa pili. Nikapuliza jingine. Akatema. Nilifanya hivyo asubuhi, nikafanya mchana, nikafanya jioni, mkono mmoja tangini na mwingine umeshika mkasi, mpaka mteja wangu mmoja akaja kuchukua gauni akakuta mikono miwili yote ni ya kushoto. Alinisema, nikakubali kosa, nikafumua. Kisha nikarudi tangini.

Alianza kukonda. Mtu mwingine asingeona, lakini macho yangu yamezoea kupima kiuno cha mtu kabla hajavua koti. Ule mviringo wa tumbo ulikuwa umelala.

Mume wangu akapiga simu kutoka njiani. "Bwana Harusi hajambo?"

"Hajambo."

"Sauti yako haijambo?"

"Nimesema hajambo."

"Mke wangu, narudi wiki hii. Akifa, usijitese. Tutalitoa tangi, tutaweka kabati la vitambaa, basi. Si ulikubali?"

"Nilikubali akifa," nikasema. "Hajafa." Nikakata simu, nikapiga moyo konde, nikachukua bomba langu.

Nilipoinua uso nikamwona mama amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Akavuta kiti, akakaa kando ya tangi, akanitazama ninavyofanya: yai, pumzi, linatemwa, yai, pumzi, linatemwa. Sikumwangalia. Nilikuwa na machozi karibu na sikutaka ayaone.

"Huchoki," akasema mwishowe.

"Nachoka sana, mama."

"Mbona huachi?"

"Kwa sababu nikiacha atakufa, na itakuwa ni kweli."

"Kweli ya nini?"

Nikamgeukia. Mwiba ule ulikuwa umekaa kooni vya kutosha. "Kwamba mkono wangu si wa kufuga."

Mama aliangalia mikono yake mwenyewe pale mapajani, akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akainuka akaondoka, nikasikia mlango wa chumba chake, nikasikia kitu kikivutwa chini ya kitanda. Nikajisemea, basi, anafunga begi. Nimemkosea mama wa watu, na mume wangu anarudi atakuta mama ameondoka na samaki amekufa.

Akarudi amebeba mtungi.

Mtungi wangu. Mmoja wa ile ya dirishani, wenye kovu la kunata la karatasi ya jamu. Mdomoni umefungwa kipande cha wavu wa shela, kutoka kwenye makombo yangu ya kitambaa, na kuzungushiwa uzi kwa mafundo madogo ya mtu makini. Ndani mlikuwa na maji ya kijani.

"Huu sikuumwaga," akasema. Nilivyomjua mama mkwe wangu, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona anaona haya. "Nilikuwekea ushahidi. Nilitaka mwanangu akirudi nimwonyeshe mke wake anafuga mbu. Nikafunga wavu ili wakitoka wasiruke, awaone kwa macho yake."

Ningeweza kucheka, ningeweza kumrukia. Sikufanya lolote kwa sababu nilikuwa nautazama mtungi.

"Kila siku nauangalia kwa lenzi," akaendelea. "Nangoja mbu watoke. Kiluwiluwi hakikawii hivyo, mwanangu, mimi nakijua. Kisha kiluwiluwi lazima kipande juu kuvuta pumzi, kinaning'inia kichwa chini. Hawa hawapandi. Wanarukaruka tu hukohuko chini, na wanazidi. Juzi ndipo nilipojua kwamba nilikosea."

"Juzi!"

"Juzi," akakubali. "Na tangu juzi sikuwa na mdomo wa kuja kukuambia."

Nikauchukua mtungi nikauinua dirishani. Vumbi lilikuwa linarukaruka. Wachache, lakini hai. Kwa haraka yangu nikashindwa kufungua ule uzi, fundi mzima, na mama akaufungua yeye, fundo kwa fundo.

Nilichuja kidogo sana. Ule mtungi ulikuwa ndio mbegu yote iliyobaki duniani, kwa mimi nilivyojua, na sikuweza kuutapanya kwa mlo mmoja. Nikavuta kwa bomba, nikaingiza mkono kwenye kikapu cha wavu, nikabonyeza taratibu mbele yake.

Bwana Harusi alikuwa amejiegemeza kwenye jiwe, rangi imefifia. Vumbi likamshukia. Hakufanya kitu. Mama akasogeza lenzi yake mpaka ikagonga kioo. Jicho moja la samaki likazunguka. Likazunguka tena. Akajivuta mbele kidogo, akasimama, akatazama, kama kawaida yake ya maringo, na akadonoa.

"Amekula!" mama akapiga kelele. "Tazama, amekula! Tena! Huyo, tena!"

Hapo nililia, sikujificha.

Hatukutoka salama siku hiyo hiyo. Mbegu ya mtungi ule tuliigawa kwenye mitungi miwili, na tukangoja izaliane, na huku nikamlisha kwa kupimapima, vidudu vichache na lile yai moja katikati yao. Mama ndiye aliyesimamia mitungi. Kila asubuhi aliitikisa, akaiinua kwenye mwanga, akanitangazia hali zao kama habari za wagonjwa. Mmoja aliuita Mvivu. Uani akaendelea kupindua makopo kama zamani, na nikatoka nami nikapindua naye. Kisha asubuhi moja Bwana Harusi, akiwa katikati ya kudonoa vidudu vyake, akadonoa yai, na hakulitema.

Mume wangu alirudi na vumbi la njia nzima. Akapita sebuleni bila kuvua viatu, akainama kwenye kioo. Bwana Harusi alikuwa nje ya kikapu, anajivuta juu ya mawe. Mwembamba bado, lakini mzima.

"Amekonda," mume wangu akasema kwa upole, akijitayarisha kunifariji. "Labda tusimtese zaidi. Hili tangi..."

"Tangi halitoki hapo," mama akasema kutoka jikoni. Akaja akijifuta mikono. "Kabati la vitambaa liende kwenye chumba ninacholala mimi. Na mitungi ya dirishani mtu asiiguse. Hata wewe."

Mume wangu akanitazama mimi, akamtazama yeye. Mtu mwenye akili hunyamaza. Akaenda kuoga.

Tukabaki wawili. Nilikuwa nimeshika bomba langu kwa ajili ya mlo wa jioni. Mama akakaa kwenye kiti chake kando ya tangi, hakunitazama, alikuwa anamtazama samaki.

"Lile neno la vifaranga," akasema. "Siku ile ile nilijua nimekosea. Nilikuona ulivyogeuka. Nikasema kesho nitalirudisha, kesho nitalirudisha, mpaka likawa zee, nikaogopa kuligusa. Mimi niliyesahau ndoo ndiye niliyekuambia wewe habari za mkono."

Nilitaka kumjibu vizuri. Nilikuwa nimetayarisha jibu la neno lile kwa miaka mingi, jibu lenye meno, na sasa sikulikuta. Nikamshika mkono, ule mwembamba usiokosa kazi, nikamwekea lile bomba kiganjani.

"Bonyeza taratibu, mama," nikamwambia. "Ukimwaga mengi kwa mara moja anashtuka."